Mwenyekiti Aliyetusomea Ngazini

Katika jengo letu mkutano haukuwa jambo la kukaa, ulikuwa jambo la kusomewa. Jumapili ya kwanza ya mwezi, watu wameshatoka kanisani na chakula bado kiko jikoni, ungesikia sauti ya Mwenyekiti ikipanda kutoka chini: "Muhtasari wa kikao cha wamiliki. Waliohudhuria, saba. Waliotoa udhuru, wawili. Ambao hawakutoa udhuru nitawasoma." Na kweli aliwasoma. Alisimama kila mahali ngazi zinapokunja, daftari kubwa limeegemea tumbo, miwani imeshuka puani, akasoma ukurasa uleule tangu mwanzo, kuanzia madukani chini hadi ghorofa ya nne. Akimaliza aligonga milango ya pale, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila aliyefungua alisema maneno yaleyale: "Nimesoma. Umesikia?" Ulitakiwa ujibu "nimesikia," ndipo aweke alama ya vema kwenye daftari. Ukijibu "ndiyo" alisimama palepale, akasubiri.

Mimi nilikuwa katibu wake. Sikugombea. Nilikuja kwenye kikao kimoja kulalamika kuhusu maji, nikaonekana nina kalamu.

Jengo lenyewe liko upande wa Njiro. Chini kuna sehemu ya maduka, juu kuna nyumba kumi na sita, na kila nyumba ina mwenye hati yake. Wenye hati wengi hawakai hapa. Wako Dar, wengine nje ya nchi, mmoja hatujawahi kumwona hata kwa picha. Wanaokaa ni wapangaji wao, na mpangaji hana kura. Ili kikao kiamue jambo lazima wafike wamiliki tisa, wenyewe au kwa barua ya uwakilishi; hiyo ndiyo akidi. Tulikuwa tunafika saba. Kwa hiyo miaka mingi Mwenyekiti alisoma mihutasari ya vikao visivyoweza kuamua chochote, na aliisoma kana kwamba ni amri ya serikali.

Usomaji huo alitoka nao kwenye kahawa. Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima huko Meru, na wakulima nao walikuwa hawaji mikutanoni, wana ng'ombe wa kukatia majani. Akawa anawasomea siku ya mzani, mmoja mmoja, gunia likiwa juu ya mzani ili mtu asiondoke. "Mtu ukimsomea usoni," aliniambia, "hawezi kuja kusema hakuambiwa. Anaweza kukataa. Lakini hakuambiwa, hapana."

Mzani ulikuwa umebaki mikononi mwake. Nilimwona dukani akiinua mfuko wa unga, akaurudisha kwa muuzaji akisema, "Hii si kilo tano." Wakapima, ikawa kweli haifiki. Alicheka bila kuficha meno, yale meno yenye rangi ya chai ambayo wengi wetu tunayo, tuliokulia kwenye maji ya Mlima Meru, yanayotia meno rangi. Nakitaja kipaji hicho cha kupima kwa mkono sasa hivi kwa sababu ndicho kinachoniuma zaidi nikimkumbuka.

Hakuwa mama wa kupendwa kirahisi. Aliandikia watu barua kwa sababu ya viatu vilivyoachwa nje ya mlango. Mpangaji wa ghorofa ya pili alipotoboa ukuta wa nje kufunga dishi, Mwenyekiti alipima matundu kwa rula, akayaandika, manne. Krismasi moja jamaa alitaka kuchinja mbuzi kwenye veranda yake ya ghorofa ya tatu. Mwenyekiti alimshusha yeye na mbuzi wake mpaka uani, akamshikia miguu mbuzi mwenyewe, halafu kesho yake akampelekea barua. Mama mmoja mjane, jirani yangu wa chini, alimletea sahani ya pilau siku ya Iddi wakati wana mgogoro wa mahali pa kuegesha gari. Mwenyekiti alimshukuru kwa heshima zote, akaikataa sahani. "Nikila leo," alisema, "kesho nitakuandikiaje?" Yule mama alichukia mwezi mzima, na mimi nilimwona Mwenyekiti amezidi.

Lakini huyohuyo alitulisha sote. Juu ya paa, pembeni ya matenki ya maji, alikuwa na bustani. Ilianza na ndoo tatu za rangi zilizopandwa mnavu. Kisha yakaja magunia, kisha mapipa yaliyokatwa katikati, sukuma wiki, mchicha, vitunguu, na kwenye pipa la kona mgomba mmoja ambao ulizaa. Mwanawe alikuwa akileta udongo kwa pikapu kutoka Kikwe, udongo mweusi unaoshikana, na Mwenyekiti akaupandisha mwenyewe ndoo kwa ndoo, hadi juu kabisa. Nani angelalamika? Jumamosi ulikuta fungu la mnavu limening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wako. Mama yangu, ambaye magoti yamemshinda na akishapandishwa hashuki tena mpaka siku ya kliniki, alikuwa anasema hajala mnavu mtamu kama ule tangu atoke nyumbani kwao. Bustani hiyo haikuwahi kuingia kwenye daftari. Si yeye aliyeisahau peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa naandika.

Ugomvi mkubwa wa maisha yake pale ulikuwa na mwenye duka la chini, ambaye sote tulimwita Bwana Magodoro. Alinunua maduka yote mawili, na wiki moja akavunja ukuta wa katikati ili magodoro ya sita kwa sita yapate kusimama yote mahali pamoja. Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Ukifiwa, alikuletea magodoro kwa ajili ya wageni bila kuulizwa. Mwenyekiti aliingia dukani kwake asubuhi, mimi nikiwa nyuma na kalamu yangu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Ukuta uko wapi?"

"Ukuta upi, mama?"

"Uliokuwa hapa. Juzi niliuegemea."

"Ah, huo ulikuwa wa kugawanya tu. Fundi kaniambia hauna kazi. Na mama, duka ni langu, lina hati."

"Hati yako inakupa nafasi iliyo katikati ya kuta. Kuta ni zetu sote." Akanigeukia. "Andika. Saa nne na robo, ukuta haupo."

Niliandika. Bwana Magodoro alitutolea viti na soda. Mwenyekiti hakukaa.

Masika yaliyofuata ufa ulitokea jikoni kwangu, ghorofa ya nne. Ulianzia kwenye kona ya dari, ukashuka kwa mshazari kuelekea dirishani, mwembamba, kama unywele ulioganda ukutani. Nyuma ya ukuta huo ndipo kilipo kitanda cha mama. Nilimwita Mwenyekiti. Aliutazama muda mrefu, akatoa penseli kwenye mkoba, akachora mstari mdogo unaokata ncha ya ufa, akaandika tarehe pembeni. Kuanzia hapo kila Jumapili alikuja. Alivuta kigoda, akapanda, akachora. Wiki nyingine ufa ulikuwa palepale, naye alishuka akinywa chai na mama wakaongea habari za ng'ombe. Wiki nyingine ulikuwa umepita mstari, na siku hizo hakunywa chai.

Mimi nilikuwa silali vizuri. Nyumba ile ndiyo kitu pekee nilicho nacho, lakini si hiyo iliyonitia hofu. Nilikuwa nafikiria ngazi. Nilikuwa nafikiria ni dakika ngapi zingehitajika kumshusha mama.

Kumwajiri mhandisi kulihitaji uamuzi wa wamiliki, na uamuzi ulihitaji watu tisa. Mwenyekiti alitafuta barua mbili za uwakilishi kama mtu anayetafuta damu ya mgonjwa wake. Alipiga simu Dar mpaka watu wakaacha kupokea. Akatumia simu yangu, kisha simu ya mama yangu. Mmiliki mmoja alimwambia, "Mama, mimi nikipata kodi yangu mengine siyajui." Alimjibu, "Nitakusomea," akamsomea muhtasari mzima kwenye simu, na yule bwana, sijui kwa uchovu au kwa aibu, akatuma barua. Ya pili ikaja baadaye. Siku tulipofika tisa Mwenyekiti alihesabu watu mara tatu, kisha akavua miwani na kuifuta.

Mhandisi alikuja siku ambayo Mwenyekiti alikuwa kliniki, nikamtembeza mimi. Dukani alitazama juu mahali ukuta ulipokuwa, akagongagonga, akatikisa kichwa, akaandika. Nilifurahi. Tukapanda hadi jikoni kwangu. Pale hakuutazama sana ufa. Aliitazama dari.

"Juu hapa kuna nini?"

"Matenki ya maji."

"Matenki yapo upande ule. Hapa juu yetu?"

"Mboga," nikasema, nikacheka kidogo.

Yeye hakucheka. Tulipofika juu alisimama katikati ya mapipa. Yalikuwa yamemwagiliwa asubuhi, yanachuruzika. Upande wa pili Mlima Meru ulikuwa umejifunua wote. Alijaribu kulisukuma pipa moja kwa mguu, halikusogea.

"Dada," alisema, "haya ni malori mangapi ya udongo? Na umelowa." Akaandika. "Ufa wako una sababu mbili. Moja iko kule chini. Nyingine umesimama kati yake."

Ripoti yake ilikuwa na vipengele viwili. Kipengele cha kwanza: udongo uondolewe mara moja. Cha pili: nguzo ya chuma isimikwe dukani mahali pa ukuta uliovunjwa. Nilikaa nayo siku tatu kwenye droo ya vijiko. Nilijua Bwana Magodoro akiipata atashika kipengele cha kwanza na kukisahau cha pili, na nilijua ni nani atakayepigwa nacho. Siku zote hizo tatu mama aliendelea kula mnavu, nami nilimpakulia.

Jumamosi nilishuka kwa Mwenyekiti, ghorofa ya kwanza. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akaisoma tena. Nilitaka kumsaidia, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Tunaweza kuanza na hili la duka. Hili lingine tutashusha udongo polepole. Hakuna atakayejua."

Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Kesho ni Jumapili ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Basi."

Kesho yake alianzia chini kama kawaida. Bwana Magodoro alikuwa mlangoni kwake amekunja mikono. Nilidhani ataanza na kipengele cha pili, kwa kuwa yeye ndiye mhusika na yuko mbele yake. Alianza na cha kwanza. "Udongo uliowekwa juu ya paa na mmiliki wa nyumba namba mbili, ambaye ni mwenyekiti, bila kikao na bila kibali, umeelemea paa na kuchangia ufa katika nyumba namba kumi na sita, anapolala mgonjwa." Maneno ya mwisho hayakuwa ya mhandisi. Aliyaongeza yeye. Alisoma hivyo kila ghorofa, sauti haikushuka, nami nilikuwa nyuma yake nimebeba kalamu nikitamani ngazi ziishe. Watu waliofungua milango walitazama chini. Yule mama mjane, wa pilau, alijibu "nimesikia" huku akilia.

Kwetu alimkuta mama amekaa kwenye kiti mlangoni, anamsubiri. Alisoma yote. "Nimesoma. Umesikia?"

"Nimesikia, dada," mama akasema. "Na mboga tulikula wote."

"Hilo halimo kwenye ripoti," Mwenyekiti akajibu, akaweka alama ya vema.

Palepale ngazini alinikabidhi daftari akajiuzulu. Tulimbembeleza kidogo, si sana. Siku hiyohiyo alianza kushusha udongo, na wiki nzima pikapu ya mwanawe ilikuwa ikirudi Kikwe imejaa. Wachache tulisaidia. Katikati ya kazi, tumekaa juu ya ndoo kupumzika, alitazama mikono yake na kusema kwa mshangao wa kweli, "Mwanangu, mimi nilikuwa napima kahawa. Gunia nalijua kwa kuligusa tu. Lakini maisha yangu yote udongo ndio umenibeba mimi. Sikuwahi kuwaza kwamba nao unabebwa." Nikainua ndoo yangu tukaendelea.

Paa lilibaki tupu, jeupe, na watu wakapumua. Kosa lilikuwa limepatikana, lina mwenyewe, na mwenyewe kakiri. Bwana Magodoro aliniambia kwa upole wake, "Si umesikia mwenyewe, dada? Ilikuwa bustani." Mwenyekiti mpya anakaa Dar, akafungua kundi kwenye simu. Kipengele cha pili nilikiandika humo mara moja. Watu wanne wakaweka kidole gumba, mmoja akatuma ua. Akidi haikutimia, nami sikukiandika tena. Nilikuwa nimechoka, na ufa ulikuwa umetulia, au nilitaka uwe umetulia. Mwenyekiti wetu wa zamani alipangisha nyumba yake akahamia Kikwe kwa binti yake. Kabla ya Krismasi nilipaka jiko rangi ya maziwa, likawa zuri, mama akalisifu.

Ilipita karibu miaka miwili kabla sijamwona tena. Nilikuwa nimealikwa kipaimara cha mtoto wa mfanyakazi mwenzangu Kikatiti, na kesho yake, Jumapili, kabla ya kurudi mjini, nikapitia Kikwe. Nilimkuta shambani na jembe, amepungua, kilemba kimemlegea kichwani.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Katibu." Hakuniita kwa jina. Alinionyesha tuta la maharage. "Huu ndio ule udongo. Angalia unavyozaa ukiwa mahali pake." Tulicheka. Nikafurahi kwamba tunaweza kulicheka jambo lile. Akaniuliza hali ya mama, nikamwambia magoti ni yaleyale. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mtoto, "Ufa umefika wapi?"

"Tumepaka rangi," nikamwambia. "Hauonekani kabisa siku hizi."

Aliacha kulima.

"Ulipaka lini?"

"Mwaka juzi, kabla ya Krismasi."

"Na nguzo ya chini imewekwa?"

"Bado. Akidi haijatimia."

"Mama yako analala chumba kilekile?"

"Kilekile."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona ana hofu. "Sasa unajuaje?" akauliza. Alisubiri nijibu. Kisha aliinama akanichumia mnavu, akaufunga kwa kamba ya mgomba mkavu, akanisindikiza hadi barabarani.

Saa kumi nilikuwa nimeshafika nyumbani. Sikuvua hata viatu. Nilivuta kigoda kilekile, nikachukua kisu cha jikoni, nikaanza kukwangua kuanzia kwenye kona ya dari. Rangi ilibanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Mistari yake ilikuwa pale, mmoja baada ya mwingine, na tarehe zake kwa mwandiko wa karani, nadhifu. Niliifuata kwa kidole hadi nikafika wa mwisho, aliouchora wiki moja kabla ya kuhama, paa likiwa limeshakuwa tupu. Nikaendelea kukwangua. Ufa ulikuwa umeupita mstari ule kwa vidole vitatu.

Nilishuka kigodani. Nilimhamishia mama sebuleni, godoro na kila kitu, akauliza kulikoni nikamwambia ukweli. Kisha nikalishusha daftari kutoka juu ya kabati. Ripoti ilikuwa bado imo ndani. Nikateremka ngazi zote mpaka chini, nikasimama mahali alipokuwa akisimama, nikafungua mdomo, na sauti ikatoka nyembamba mno. Nikaanza tena. "Ripoti ya mhandisi. Kipengele cha pili." Nilikisoma chote. Juu mlango mmoja ulifunguka, kisha mwingine.

Bwana Magodoro alikuwa ndani anafunika mali yake kwa nailoni. Mlango wake ulikuwa wazi, lakini niligonga.

"Nimesoma," nikamwambia. "Umesikia?"

"Ndiyo, dada," akasema.

Nikasimama palepale, nikasubiri.